Nilivyompata fundi wa nozo ninayemwamini hapa Dodoma

Dodoma si mji wa kukosa fundi. Simama Kizota, fungua boneti, na kabla hujaeleza kitu vijana watatu wameshaingiza vichwa, kila mmoja na ugonjwa wake wa kukutajia. Kwa hiyo wasafishaji wa nozo, zile zinazomwaga mafuta kwenye injini, walikuwepo tele. Mimi nilitaka mtu anithibitishie kwanza kwamba nozo ndizo zenye tatizo, halafu akishazisafisha anioneshe kwa macho kwamba kuna kilichobadilika. Huyo ndiye aliyenitembeza mji mzima.

Gari ni Toyota Noah yenye injini ya 1AZ-FSE, hii ambayo mafundi wote wanaiita D-4. Naitumia kuleta mafuta ya alizeti kutoka Singida na kuyasambaza madukani, Nkuhungu mpaka Ihumwa. Ilianza kuwaka kwa shida asubuhi. Ikawa ikisimama kwenye foleni bila kukanyagwa inatetemeka mpaka vioo vinalia, na ukikanyaga inavuta, inasita, inavuta tena. Kupanda mlima Saranda nikienda Singida, hata madumu yakiwa matupu, ikawa malori yananipigia honi nipishe. Mafuta nayo ikawa inakunywa. Kisha taa ya injini ikawaka na ikakataa kuzima.

Kabla sijafika kwa mafundi, nieleze kwa nini hii D-4 inahitaji fundi wake. Kwenye magari mengi ya petroli nozo humwaga mafuta kwenye njia ya hewa, nje ya silinda, na presha yake ni ndogo, bar 3 hivi. Kwenye D-4 nozo inamwaga moja kwa moja ndani ya silinda, na kuna pampu ya pili inayosukumwa na kamshafti, shafti ya injini yenyewe, kupandisha presha hadi bar 100 na zaidi. Ncha ya nozo inakaa ndani ya moto wenyewe, ndiyo maana masizi yanaikaukia. Isitoshe, nozo hizi hazifunguliwi na umeme wa kawaida wa gari. Kuna kisanduku maalumu kinachoupandisha. Sasa fundi mwenye mashine ya kupimia nozo za kawaida, kama za Toyota IST, anaweza kuziweka hizi za D-4 kwenye mashine hiyohiyo, zisifunguke sawasawa, akakuambia zimekufa zote nne.

Gereji za kwanza nilizopita hazikuniridhisha. Mmoja alisikiliza injini kwa sekunde chache akasema, "Nozo hizo, mama. Acha gari, jioni uje uchukue." Nikamuuliza amejuaje kama si plagi au koili, zile za kutoa cheche. Akacheka, akasema amefanya kazi hii miaka mingi. Simbezi, huenda sikio lake ni zuri, lakini jibu lile halikunisaidia kitu. Mwingine alitaka kuzitoa, aziloweke kwenye petroli na kuzichokonoa kwa waya mwembamba. Tundu la nozo hizi ni ufa mdogo mno, umekatwa hivyo ili mafuta yatoke yametandazwa mpana na mwembamba. Ukiupitisha waya umeshauharibu, na hakuna dawa ya kuurudisha. Huyo nilimuaga kwa heshima. Wa duka la spea alinipa chupa ya dawa ya kumimina kwenye tenki. Dawa hizo zipo zinazofanya kazi, hasa masizi yakiwa bado machache, lakini kwa gari lililokwisha kuwasha taa sikuona sababu ya kuanza kubahatisha.

Aliyenifungulia njia ni mzee mmoja wa hukohuko Kizota, gereji yake haina hata kibao. Nilimwamkia, akaitikia, akaniambia nizime gari nikae. Hakugusa nozo. Alichomeka kompyuta yake ndogo, ikasoma P0303, maana yake silinda ya tatu inamisi, haichomi mafuta sawasawa. Akachomoa koili ya silinda ya tatu akaihamishia ya pili, na ya pili akaileta kwa tatu, akafuta kumbukumbu, tukazunguka na gari mpaka taa ikarudi. Ikasoma P0303 vilevile. Kama koili ingekuwa mbovu, tatizo lingehamia silinda ya pili pamoja nayo. Akafanya hivyohivyo kwa plagi. Akapima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, silinda zote zikawa karibu sawa. Hapo ndipo aliposema sasa tunaweza kuanza kuzungumzia nozo.

Nikamwambia basi mzee, fanya kazi. Akatikisa kichwa. "Mwanangu, mashine yangu ni ya nozo za kawaida. Hizi nikikuambia nitakupimia nitakuwa nakuongopea." Akachukua hela ya kupima gari tu, akanielekeza kwa kijana mmoja upande wa Kisasa ambaye ana mashine inayoziendesha nozo za D-4. Nimekutana na mafundi wengi wa kusifia kazi zao. Huyu kwa kukataa kazi alinifanya nimwamini na yule aliyenielekeza kwake, ingawa nilikuwa sijamwona.

Hata hivyo nilimpigia simu kwanza huyo kijana wa Kisasa. Nilitaka kujua kama atazipima kabla ya kuzisafisha na tena baada ya hapo, na kama nitaruhusiwa kusimama pale nikitazama. Nikamuuliza kama sili na oringi mpya, pete za kuzibia, zimo kwenye bei au ni juu yangu. Swali lililonipa picha kamili ni hili: je, nozo ikisafishwa isipone? Wa kwanza kati ya wale wa mwanzo aliniambia haiwezekani isipone. Huyu alisema inatokea, na ikitokea hatanidai hela ya kusafisha ile iliyokufa. Tutatafuta nyingine ya mtumba, naye ataipima kwenye mashine kabla hatujailipia.

Siku ya kazi nilikwenda na rangi ya kucha. Najua wapo watakaocheka, lakini mjini hapa kila mwenye gari ana hadithi ya spea nzima kutoka na chakavu kuingia. Zilipotolewa nikatia nukta nyekundu juu ya kila moja, nikazipiga picha pamoja na namba zake. Kijana hakununa. Alisema tu, "Dada, usiweke rangi karibu na oringi." Fundi akinuna kwa wewe kuweka alama, ningekushauri uchukue gari lako.

Kuzitoa kwenyewe ni kazi, kwa sababu manifoldi ya hewa, mabomba ya kuingizia hewa kwenye injini, lazima ishuke kwanza. Iliposhuka aliniita nikachungulie njia za hewa. Masizi yalikuwa yameganda nyuma ya vali, vile vilango vya kuingizia hewa silindani, kama ukoko wa ugali. Akanieleza kuwa kwenye injini za kawaida petroli inapita juu ya vali hizi na kuziosha, lakini D-4 haipitishi petroli huko, kwa hiyo uchafu unajilimbikiza, na kusafisha nozo hakutauondoa. Ni kazi nyingine, ina bei yake, niamue. Niliamua ifanyike palepale, maana kulipia kushusha manifoldi mara mbili ni kuchezea hela.

Kisha mashine. Nozo zote nne zinapangwa juu ya mirija minne ya kioo yenye vipimo, zinamwaga kwa muda mmoja, unasoma mwenyewe. Tatu zilitoa mililita hamsini na kitu. Ile ya silinda ya tatu ilitoa 37, na badala ya kutandaza ilikuwa inarusha upande mmoja. Akazipa presha zikiwa zimefungwa, kuona kama kuna inayovuja. Moja ya zile nzima ilidondosha tone. Hilo ndilo lilikuwa linafanya gari liwake kwa shida asubuhi, alisema, kwa sababu mafuta yanachuruzika silindani usiku na presha inashuka. Baada ya hapo zikaingia kwenye beseni lenye dawa, linalotikiswa kwa mawimbi ya sauti usiyoyasikia, huku zikifunguliwa na kufungwa kwa umeme ili dawa ipite ndani. Tuliporudia kipimo, ile ya silinda ya tatu ilipanda hadi 53, nyingine zikawa 54 na 55. Tone halikuonekana tena. Yeye anataka tofauti kati ya nozo isizidi asilimia 5, na hapo tulikuwa ndani.

Tulibishana kwenye sili tu. Ncha ya nozo ya D-4 ina pete ya teflon inayozuia moto wa silinda usipande juu, na ikishatolewa hairudishwi. Bei yake ilinishtua, nikamwomba aangalie kama za zamani hazifai. "Bila sili mpya sikufungii, dada. Ukitaka nikupe nozo zako kwenye mfuko." Nilinunua. Mwishoni akanipa risiti ya EFD yenye maelezo ya kazi, na vipimo vya kabla na baada akaviandika nyuma kwa kalamu.

Gari sasa linawaka kwa jaribio la kwanza, na likisimama halitetemeki. Saranda linapanda, ingawa si kwa mbwembwe. Ni Noah tu. Ulaji wa mafuta umepungua kiasi, si kwa kile kiwango ambacho wale wa dawa ya chupa walikuwa wananiahidi. P0303 haijarudi.

Kijana alinisisitizia kitu kimoja nilipokuwa naondoka: chujio la petroli la Noah hii liko ndani ya tenki pamoja na pampu, na kwa kuwa halionekani watu hulisahau kabisa. Nililibadilisha wiki iliyofuata, likatoka jeusi. Uchakachuaji tumeusikia sana. Mwaka 2011 Serikali ilipandisha hata kodi ya mafuta ya taa ili yasiwe na faida kuyachanganya na dizeli. Mimi ninaouogopa zaidi ni mchanga wa madumu. Vijijini ambako kituo kiko mbali petroli inauzwa kwenye chupa kando ya barabara, na upepo wetu wa kiangazi mnaujua. Siku hizi nikipita huko nabeba dumu langu nililolijaza mjini, pamoja na faneli yenye kitambaa safi.