Namna nilivyoshusha nitrati kwenye tangi langu la matumbawe

Tangi nilinunua kwa mtu aliyekuwa anahama, hapa mashariki ya Uingereza ninakoishi. Lita 240, mawe yake, mchanga wake, samaki wawili aina ya klauni, na matumbawe machache yaliyosinyaa yakawa na rangi ya udongo. Bei ilikuwa ya kutupa, na sababu niliielewa nilipopima maji. Kipimo changu cha nitrati kinaishia miligramu 50 kwa lita, na rangi ilishapita hapo. Nikachanganya sehemu moja ya maji ya tangi na sehemu nne za maji yaliyochujwa, nikapima upya, kisha nikazidisha jibu kwa tano. Ikatoka 60 kwa lita, miligramu hizo. Kabla hujabishana na mwenzako kuhusu namba, someni kwanza karatasi ya kipimo: vingine vinasoma nitrojeni iliyomo ndani ya nitrati, na jibu lake lazima ulizidishe kwa 4.4 ndipo mlingane.

Chanzo chake kila mfugaji wa samaki anakijua. Chakula na kinyesi vinatoa amonia, bakteria wanaigeuza kuwa nitriti, wengine wanaigeuza kuwa nitrati, na hapo mambo yanakwama. Bakteria wa kuigeuza nitrati kuwa gesi ya nitrojeni ikaondoka zake wanataka mahali pasipo na oksijeni, kama ndani kabisa ya mawe au chini ya mchanga mnene, na kwenye tangi la nyumbani nafasi hiyo ni ndogo. Klauni hawakuonekana kujali. Matumbawe ndiyo yanayoumia, na ile rangi ya udongo niliyoiona ni vimwani vidogo mno vinavyoishi ndani ya nyama ya tumbawe: vikipata mbolea nyingi vinazaana mpaka rangi halisi inafunikwa.

Ushauri wa kwanza unaopewa ni kubadilisha maji. Sawa, lakini piga hesabu. Ukitoa asilimia 10 ya maji, umetoa asilimia 10 ya nitrati, basi: 60 inakuwa 54. Na wiki haijesha samaki wameshaongeza nyingine. Tangi langu lilikuwa linapanda kama 5 kwa wiki. Kwa mwendo huo, ukibadilisha asilimia 10 kila wiki maisha yako yote, nitrati itatulia kwenye 50 na haitashuka tena, kwa sababu unachotoa ni kilekile kilichoingia. Ukibadilisha asilimia 20 itatulia kwenye 25. Chumvi ya tangi si rahisi, kwa hiyo hesabu hiyo inagusa na mfuko.

Halafu kuna maji yenyewe ya kuchanganyia. Eneo hili ni la mashamba, mbolea inazama ardhini, na maji mengi ya bomba yanatoka visimani. Sheria hapa inaruhusu nitrati mpaka 50 kwa lita kwenye maji ya kunywa. Niliyapima ya jikoni kwetu, yakatoa karibu 30. Kwa chai hayana neno. Kwa tangi, ni kama kuzoa maji kwenye ngalawa inayovuja. Nikafunga mtambo wa kuchuja wa RO, unaosukuma maji kwenye utando mwembamba sana, wenye chupa ya rezini mwishoni ya kunasa kinachobaki, na kila tone linaloingia, hata lile la kufidia maji yanayokauka, linapita humo.

Upande wa uchafu niliumaliza bila mbwembwe. Soksi ya kichujio nikawa naifua kila baada ya siku tatu, maana uchafu ukikaa humo unaoza humohumo. Chakula cha barafu nakiyeyusha na kukisuuza kwenye chujio la chai kabla ya kukitia. Mchanga nilinyonya ukanda mmoja tu kila nilipobadilisha maji; ukiuvuruga wote kwa siku moja unaachia uozo wa miaka kwa mkupuo. Skima, ile mashine ya povu, nikaisafisha shingo yake mara kwa mara, kwani inatoa uchafu kabla haujawa nitrati. Haya yote yalinifikisha 35, yakagota.

Kilichoivunja ile 35 ni siki. Bakteria wanahitaji kaboni ili wakue, na wakikua wanakula nitrati na fosfati, kirutubisho kingine kilichomo majini; kisha skima inawatoa pamoja na walichokula. Wazungu wengi wanatumia vodka. Hiyo nyumbani kwangu haiingii, na wala haina haja: siki nyeupe ya asilimia 5 inafanya kazi ileile, ila unahitaji kama mara nane ya ujazo. Iwe nyeupe, si ile ya kahawia wanayomwagia chipsi. Nilianza na mililita 2 kwa siku, asubuhi taa zikiwashwa, natia polepole karibu na skima, na kila wiki naongeza mililita 2. Maji yakianza kuwa na ukungu mweupe, rudi nyuma: hao ni bakteria wamezidi, na wanavuta oksijeni ileile wanayovuta samaki. Bila skima nzuri, usianze kabisa.

"Baba Salma, siki yangu ya kachumbari inakwenda wapi?"

"Mama Salma, wanakunywa samaki."

Akacheka, lakini toka siku ile chupa ya tangi inakaa mbali na jiko.

Nitrati ikashuka wiki baada ya wiki, ikafika 14, ikasimama tena. Nilipopima fosfati nikaona imekwisha, 0.01 tu. Yule mwenyewe wa kwanza aliacha kwenye tangi la chini, lile dogo la kuchujia maji, kifuko cha punje za chuma zinazonyonya fosfati, na bakteria bila fosfati hawajengi mwili hata uwape siki debe zima. Nikatoa kifuko, nikawaongezea klauni chakula kidogo, nitrati ikaendelea kushuka. Jambo hili naona halisemwi vya kutosha: hivi viwili vinashuka pamoja au havishuki.

Mwani niliuongeza baadaye, kwenye chumba kimoja cha tangi la chini. Ni Chaetomorpha, unaofanana na uzi. Caulerpa niliikataa, kwani ikiamua inaweza kuyeyuka kwa usiku mmoja na kukurudishia yote iliyonyonya. Taa yake inawaka usiku, wakati ya juu imezimwa, ili pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, isianguke sana kabla ya alfajiri. Nitrati haijatoka mpaka mwani wenyewe utoke, kwa hiyo lazima uvune. Kule Paje akina mama wanavuna mwani wauze. Mimi navuna nikatupe, au nampa mwenye tangi anayeuhitaji.

Sasa nimetulia kati ya 5 na 10, na sishuki zaidi kwa makusudi. Najua kwenye miamba ya baharini nitrati kwa kawaida haifiki hata 0.5. Lakini kule chakula kinapita na mkondo usiku na mchana, tumbawe halilali njaa. Ndani ya kioo, nitrati ikifika sifuri matumbawe yanapauka, na mara nyingi zinaingia dinoflajeli, utando wa kahawia wenye mapovu ambao kuutoa ni kazi kuliko nitrati yoyote.

Tukisafiri kwenda Unguja, siki naiacha wiki moja kabla, kwa kupunguza kidogo kidogo. Kijana wa jirani anakuja kulisha tu, na skima ikizimika hakuna atakayejua. Nikirudi nakuta 15 au zaidi kidogo. Naanza tena na mililita 2.