Daraja la kazi serikalini Marekani: rufaa ilivyofaulu

Kazi zilikuwa za GS-11, mshahara wa GS-9 (GS ni ngazi za mishahara ya watumishi wa serikali kuu). Hoja ya "mwenzangu analipwa zaidi" haikufua dafu, kwa kuwa OPM, ofisi kuu ya utumishi, hulinganisha kazi na viwango vyake tu. Wingi wa kazi nao hauhesabiwi.

Kilichofaa ni kusahihisha kwanza maelezo ya kazi pamoja na msimamizi, kisha kujibu vigezo 9 vya kupima daraja kimoja kimoja, kila jukumu na asilimia ya muda wake. Lililo chini ya 25% kwa kawaida halipandishi daraja. Anzia kwenye taasisi yako: ukishapata uamuzi wa OPM, huwezi kurudi huko, na daraja laweza hata kushushwa. Malimbikizo ya mshahara usiyategemee mahakamani. Kesi ya Testan katika Mahakama ya Juu ya Marekani, 1976, iliufunga mlango huo.