Sasa nashika chuma kwa mkono wa kushoto

Mara ya nne bega langu lilichomoka ndani ya matatu ya Rongai. Dereva alikanyaga breki, mkono wangu wa kulia uko juu nimeshika chuma, nikausikia ule mlio ninaoujua. Makanga alidhani najifanya mgonjwa ili nisilipe.

Mara tatu za kwanza zilikuwa raga. Nilipoanza nilikuwa na miaka 19. Nilimkaba mtu kwa mkono niliounyoosha pembeni, kosa ambalo kocha alinikanya hadi akachoka. Mwenzangu akalirudisha bega palepale kwenye nyasi, na baada ya wiki tatu nikarudi uwanjani nikijiona simba.

Daktari wa mifupa alinieleza kwa chungwa na kisahani cha chai. Chungwa ni kichwa cha mfupa wa mkono. Kisahani ni kishimo cha begani linapokaa. Ni kidogo, na kinacholizuia chungwa lisibingirike ni ukingo wa gegedu unaokizunguka. Wangu ulikuwa umechanika. Ingeishia hapo, wangetoboa vitundu, wakaingiza kamera na kuushona ukingo mahali pake. Operesheni hiyo huitwa Bankart. Lakini chungwa likichomoka mara kwa mara hula kisahani chenyewe, na picha ya CT ilionyesha changu kimelika mbele.

"Nikushone wapi sasa?" akaniuliza.

Basi nikafanyiwa Latarjet, kwa jina la Mfaransa aliyeieleza mwaka 1954. Walikata kimfupa cha mbele ya bega, kilichopinda kama kidole, kano zake zikiwa bado zimeshikilia, wakakihamishia pale palipolika na kukikaza kwa skrubu mbili. Mkono ukipanda, kano zile hulizuia bega kwa mbele kama mkanda. Seremala angeelewa upesi kuliko mimi.

Upasuaji wenyewe nililala tu. Kazi ilikuja baadaye: kulala nimeegemea mito, mkono umetundikwa shingoni, na mama kunifunga vifungo vya shati nikiwa na miaka 23. "Huo mpira unakudai nini, baba?" Sikuwa na jibu. Kisha fizio akanianzisha kutambaza vidole ukutani, napiga alama ya penseli pale vinapofika. Kuna wiki mbili nzima alama haikusogea hata upana wa kucha.

Huu ni mwezi wa tano. Picha ikionyesha mfupa umeunga, nitaruhusiwa kukaba tena. Kwenye matatu natafuta kiti, na nikikikosa nashika chuma kwa kushoto.