Nilivyoisikia Setilaiti Ndogo kutoka Darini Kibokoni

Tarehe 11 Mei 2018, setilaiti ya kwanza ya Kenya, 1KUNS-PF, iliyoundwa na Chuo Kikuu cha Nairobi, iliachiwa angani kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga. Kilichonigusa zaidi ni udogo wake: mchemraba wa sentimita 10 kila upande. Kipimo hicho kilibuniwa California mwaka 1999 na Jordi Puig-Suari na Bob Twiggs ili wanafunzi waweze kujiundia setilaiti zao, na baadaye kampuni changa ya Planet Labs ikaunganisha michemraba mitatu kuwa setilaiti moja ya kuipiga picha dunia. Nikaazimia kuvisikia vyombo hivyo kwa masikio yangu, hapa hapa Mombasa.

Kipokezi changu kilikuwa kile kidogo kinachochomekwa kwenye kompyuta. Kazi ilikuwa kwenye antena. Nilinunua paipu ya plastiki na futi ya chuma ya mafundi katika duka la vifaa vya ujenzi Mwembe Tayari, nikaikata futi vipande vya karibu sentimita 34, yaani nusu ya wimbi la megahezi 437 ambako setilaiti nyingi za wanafunzi husema, cha nyuma kirefu kidogo na vya mbele vifupi zaidi. Rangi ya manjano ya futi lazima ikwanguliwe mpaka chuma king'ae, la sivyo risasi ya kulehemu haishiki. Mimi sikuikwangua vya kutosha, na kwa wiki mbili sikusikia ila mvumo. Nilipolehemu upya, nikafunika maungio kwa silikoni, kwa sababu hewa ya chumvi ya Mji wa Kale haichelewi kuleta kutu.

Mjomba wangu, mvuvi wa miaka mingi, alikuwa akinitazama. Nilimweleza kwamba setilaiti nyingi za aina hii nazo hutumia utepe wa chuma kama huu, hukunjwa kuzunguka mchemraba na kufungwa kwa uzi wa nailoni, kisha chombo kikishafika angani waya mwembamba hupashwa moto, uzi hukatika, na antena hufyatuka yenyewe.

"Nailoni gani, mwanangu?" akauliza. Nikamwambia ni kama ya mshipi wake. Akanyamaza kidogo, akaenda kuleta kibiringo chake, tukachoma kipande kwa waya wa moto ili aone. Kilikatika papo hapo.

Jioni moja, baada ya Magharibi, kompyuta ilionyesha kwamba setilaiti ya wanafunzi ingetokea kaskazini na kupita kwa muda wa dakika kumi hivi. Nilizima taa za LED za darini, ambazo zilikuwa zikiniletea kelele, nikaielekeza antena kwa mkono. Kwanza hakuna kitu, kisha zikaja nukta na mistari ya Morse, nyembamba lakini wazi. Sauti ilianza juu ya masafa yake na kuteremka taratibu, jumla karibu kilohezi 20, kwa kuwa chombo kinachokimbia zaidi ya kilomita 7 kwa sekunde hubana mawimbi kinapokuja na kuyanyoosha kinapokwenda. Mikono ilikuwa ikinitetemeka, nami nikiifuata mpaka ikazama juu ya bahari, kusini.

Mjomba akauliza itarudi lini. Nikamjibu kwamba baada ya dakika 90 na kitu itakuwa imeizunguka dunia, ila dunia nayo itakuwa imegeuka, kwa hiyo itapita mbali upande wa bara. Akaketi kuingoja.