Rosemari na mvua za Uganda

Rosemari nyingi zinazonunuliwa kando ya barabara za Kampala hufa katika msimu wao wa kwanza wa mvua. Majani yanaanza kuwa kahawia, mwenye nyumba anadhani jua limezidi, anaongeza maji, na mmea unakwisha kabisa. Asili ya kichaka hiki chenye majani ya harufu ni vilima vya mawe vilivyo karibu na Bahari ya Mediterania, ambako kiangazi hupita miezi bila mvua ya maana. Sisi tuna udongo mwekundu wa mfinyanzi na mvua mara mbili kwa mwaka, Machi hadi Mei, kisha Septemba hadi Novemba. Kwa hiyo kuitunza rosemari hapa ni, zaidi ya yote, kuyapa maji njia ya kuondoka.

Ukipanda ardhini, usichimbe shimo refu kwenye mfinyanzi na kulijaza udongo laini. Shimo hilo hugeuka beseni: maji ya pande zote huingia na hayana pa kutokea. Inua tuta la sentimita 20 hadi 30, changanya mchanga na udongo wa tuta lote, upande juu yake. Kati ya mche na mche acha sentimita 60 hadi 90, maana kichaka kikikosa upepo hupata ukungu mweupe kwenye majani. Kabale, kwenye miteremko, maji hujiondokea yenyewe na tuta la chini linatosha. Jua la saa sita kwa siku ni la lazima popote ulipo.

Kwenye chungu chenye mdomo wa sentimita 25 au 30, vipimo vyangu ni viwili vya udongo wa juu, kimoja cha mchanga wa ziwa wenye chembe kubwa, na nusu kipimo cha mboji iliyooza kabisa. Mchanga laini haufai. Huziba nafasi za hewa. Kokoto chini ya chungu nazo hazisaidii, ingawa karibu kila mtu huziweka: maji hukwama juu ya tabaka lile badala ya kushuka, na mizizi inabaki na nafasi ndogo zaidi ya kupumua. Matundu ya chini yakiwa wazi, yanatosha.

Wakati mzuri wa kupanda ni mvua zinapopungua, mwishoni mwa Mei au mwishoni mwa Novemba. Mche unapata unyevu wa kushika bila kuzama. Baada ya hapo, ingiza kidole sentimita tano. Pakiwa pakavu, mwagilia hadi maji yatoke chini, kisha mwaga yaliyobaki kwenye kisahani. Pakiwa pabichi, uache mmea.

Kuna desturi yetu nzuri ya kutandaza majani ya migomba shambani, lakini rosemari isiguswe nayo. Majani yale hushika unyevu kwenye shina na shina linaoza. Ukitaka kufunika udongo, tumia kokoto, na hata hizo ziache mbali kidogo na shina. Mbolea ya kuku ni kali mno kwake: matawi hurefuka, yanakuwa laini, na harufu inapungua. Konzi moja ya samadi ya ng'ombe iliyokaa, mara mbili kwa mwaka, inatosha.

Mmea ukilegea ilhali udongo umelowa, uchomoe utazame mizizi. Iliyo hai ni myeupe na migumu. Iliyooza ni myeusi na inavunjika kwa vidole. Ikiwa nusu bado nzima, kata iliyooza, punguza matawi kwa theluthi, hamishia kwenye udongo mkavu zaidi. Ikiwa imeoza karibu yote, okoa ncha zilizo nzima uzifanye vipandikizi.

Vipandikizi ni njia bora kuliko mbegu, ambazo huota polepole na nyingi haziamki kabisa. Kata ncha za sentimita 10 hadi 15 zisizo na maua, chini kidogo ya kifundo, yaani pale majani yanapotokea. Ondoa majani ya theluthi mbili za chini. Chomeka kwenye mchanga uliochanganywa nusu kwa nusu na mboji iliyochekechwa, funika kwa kavera (mfuko wa plastiki) bila kugusa majani, weka kivulini penye mwanga. Fungua kila siku kidogo, la sivyo ukungu utaingia. Baada ya wiki nne hadi nane, vuta kwa upole. Kikikataa kutoka, kimeshika.

Kwetu hakuna baridi ya kuisimamisha rosemari, kwa hiyo hurefuka mwaka mzima na kubaki uchi chini. Pogoa ncha kila baada ya miezi miwili au mitatu, usizidishe theluthi ya mmea, wala usikate hadi kwenye sehemu ngumu ya tawi isiyo na jani hata moja. Sehemu hiyo ni nadra kuchipua tena.

Vuna asubuhi umande ukishakauka. Matawi ya kuhifadhi yafunge vishada vidogo, uyatundike kivulini penye upepo. Msimu wa mvua vishada vinene huvunda katikati. Vijiti vilivyokomaa, vikivuliwa majani, ni vizuri sana kwa kuchomea nyama ya muchomo.