Mito Mitatu

Mafunzo yalikuwa Dar es Salaam, na wauguzi walitoka wodi za saratani za mikoa mbalimbali. Mimi nilipangiwa kufundisha somo la moyo. Asubuhi nzima tulizungumzia doksorubisini, ile dawa nyekundu. Inaua saratani, lakini inadhoofisha misuli ya moyo, na madhara yake hujumlika dozi hadi dozi, maisha yote. Kwa waliofikisha jumla ya miligramu 400 kwa mita ya mraba ya mwili, moyo hushindwa kazi kwa wagonjwa kama 5 katika 100. Wakifika 550, ni kama 26. Wakaandika.

Mchana tukaingia wodini. Mama mmoja mwenye saratani ya titi alikuwa akisubiri dripu, akakubali tumhoji. Failini presha nzuri, damu nzuri, dozi chache tu. Nikamwachia muuguzi kijana kutoka Mwanza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Mama, usiku unalalia mito mingapi?"

"Mitatu. Nikilala chali pumzi inakata. Zamani ulikuwa mmoja."

Yule kijana akapiga goti, akabonyeza muundi wa mama kwa kidole gumba, akatulia kidogo, akaachia. Shimo likabaki pale pale: maji yamejaa mguuni, kama inavyokuwa moyo ukishindwa kusukuma damu vizuri. Kisha akauliza, "Hii nyekundu uliwahi kuwekewa kwingine?" Mama akatoa kadi kuukuu kwenye mfuko wa nailoni. Aliwahi, miaka ya nyuma, kwa titi la upande wa pili. Hakuna aliyekuwa ameihamishia kwenye faili jipya. Tukajumlisha pale pale kitandani: alishavuka 400.

Dozi ikasimamishwa. Kipimo cha eko, picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, kikaonyesha moyo unasukuma asilimia 38 tu ya damu iliyomo kila unapopiga, wakati moyo wenye afya huvuka 50. Akaanzishiwa dawa za moyo, na madaktari wa saratani na wa moyo wakakaa pamoja kumbadilishia tiba.

Eko haipo kila wilaya, lakini mizani ya kuonyesha uzito unaopanda kwa maji ipo, na muuguzi ndiye anayemwona mgonjwa akihangaika kuvaa viatu vilivyombana. Ndiyo maana naamini mafunzo haya yaanze kwa wauguzi.

Jioni hakuna aliyetaka kuondoka. Tulichora fomu: jumla ya dawa nyekundu tangu mwanzo, popote alipoipata, uzito wa kila ziara, idadi ya mito. Yule kijana akaongeza mstari kwa kalamu yake: namba ya simu ya ndugu anayeishi na mgonjwa.