Feni namba 4 huugua usiku tu

Imekubali. Saa kumi alfajiri, nimekalia ndoo ya grisi, kompyuta iko mapajani, baridi ya Mufindi inapita kwenye koti kama halipo, na kwenye grafu ya mtetemo wa feni mstari wa 100 Hz (mara 100 kwa sekunde) umesimama palepale kwenye 100. Ile minara ya pembeni iliyoninyima usingizi siku kumi na moja haionekani tena. Naandika sasa hivi kabla sijalala, maana nikiamka nitaanza kuisimulia kama vile nilijua tangu mwanzo.

Waliopitwa: kiwanda cha chai, vitanda kumi na viwili vya kunyaushia majani, kila kitanda na feni yake. Mota ni za 5.5 kW, poli 6, mizunguko 960 kwa dakika, kwa hiyo 16 Hz. Juu ya kila mota, upande wa feni, kuna sensa moja ya ADXL345 (sensa ya mtetemo, si ile ya watu na makazi), ESP32 (kompyuta ya kidole yenye Wi-Fi) inayoisoma kwenye boksi la pembeni, na Raspberry Pi, kompyuta ndogo iliyoko karakana, inayopokea data na kupiga FFT, hesabu ya kuuchambua mtetemo uonyeshe una Hz zipi ndani yake. Tunataka beringi iseme inakufa kabla haijafa. Feni ikisimama saa sita usiku na kitanda kimejaa, majani yanajipasha moto yenyewe, na asubuhi unakuta yamebadilika rangi kuwa mekundu. Hapo hakuna anayeuliza beringi ilikuwa na umri gani, wanauliza fundi wa zamu alikuwa wapi.

Sasa tatizo. Feni namba 4 ilikuwa inatoa onyo kila siku kuanzia saa mbili usiku. Inaendelea hadi karibu alfajiri, halafu inanyamaza. Mchana kimya kabisa. Nikifungua spektra ya usiku, yaani grafu inayotoka kwenye FFT, naona minara minne iliyopangana kama nguzo za umeme: 70.5, 86.5, 102.5, 118.5. Pima mwenyewe nafasi kati yao: 16, 16, 16. Yaani kasi ya shafti.

Anayejua beringi ameshatabasamu. Mota hizi zinatumia beringi namba 6208, gololi 9. Hesabu ya harakaharaka inasema kasoro ya pete ya ndani hugonga mara 5.4 kwa kila mzunguko, ya pete ya nje mara 3.6. 5.4 mara 16 ni 86 na ushee. Na kasoro ya pete ya ndani ndiyo inayozunguka na shafti, ikiingia na kutoka kwenye mzigo, kwa hiyo ni lazima mnara wake uzungukwe na minara mingine kwa nafasi ya 16. Ni picha ileile ya kwenye vitabu, nikasema huyu nimemkamata. Tena ikawa inaumwa usiku wakati kitanda kina majani na feni inasukuma hewa kwa nguvu, mchana kitanda kikiwa chepesi inatulia. Jumatatu moja hatukuwa na majani, tukawasha feni tupu kutwa na usiku wake kwa majaribio: hakuna onyo hata moja. Ukiiwekea mzigo inalia, ukiutoa inanyamaza. Ungekuwa wewe ungesemaje?

Nikaomba kusimamisha feni. Nikaomba beringi mpya stoo, na kwa stoo yetu hilo si jambo la kusema ukapewa, kuna saini tatu. Tukafungua mota, tukatoa beringi, nikaikata kwa grainda mbele ya injinia ili nimwonyeshe mkwaruzo.

Pete ya ndani ilikuwa inang'aa. Ungeweza kujitazama ukachana nywele.

Injinia hakusema neno, alikunja tu mikono. Usiku huo, beringi mpya ndani, grisi mpya, saa mbili na dakika chache: onyo. 86.5.

Hapo ndipo wiki ilipoanza kuwa ndefu. Nilibadilisha sensa ya namba 4 na ya namba 5, onyo likabaki namba 4, nikahitimisha kwamba sensa ni nzima. (Hitimisho lilikuwa sahihi. Lakini nilihamisha sensa tu, ESP32 nikaiacha. Kumbuka hili.) Nikakaza bolti za msingi. Nikang'oa epoksi nikapaka upya. Hapo niseme kitu kuhusu sumaku: kuna watu wananiandikia kwamba sumaku inatosha kushikilia sensa. Inatosha kwa kuzunguka na kifaa mkononi ukipima mashine moja baada ya nyingine. Kwa sensa ya kukaa miaka, kwenye mota iliyopakwa rangi matabaka matatu, sumaku inacheza ngoma yake yenyewe. Kwangua rangi, paka epoksi, sahau.

Nikatazama hata mtetemo wa jumla, nao haukuwa na neno: 1.1 mm kwa sekunde. Wengi wananakili mpaka wa 2.8 na 4.5 kutoka jedwali la ISO 10816 sehemu ya 3 (kiwango cha mtetemo wa mashine, siku hizi nafasi yake imechukuliwa na ISO 20816), lakini hilo lilikuwa la mashine za zaidi ya 15 kW. Mota ndogo kama hizi zilikuwa na daraja lake kwenye sehemu ya 1: chini ya 1.8 unaendelea na kazi. Namba 4 ilikuwa ndani kabisa, na hilo peke yake lingetosha kunishtua. Kasoro ya pete ya ndani yenye minara mirefu hivyo, na jumla haijapanda? Sikushtuka. Nilikuwa nimeshaipenda picha yangu.

Basi nikampigia Mkuu. Ndivyo tunavyomwita, mzee aliyestaafu hapa baada ya kuzihudumia mashine hizi kwa miaka mingi, sasa anaishi Tanga na kuku wake. Msaada wetu wa mbali ni huo: simu, na bando la intaneti ninalomnunulia mwenyewe. Tuliwahi kujaribu video na haikufaa. Simu ikiwa kwenye maongezi inachuja kelele, na kwa simu mlio wa mashine ndiyo kelele yenyewe, kwa hiyo Mkuu alikuwa ananisikia mimi tu vizuri kabisa na feni hasikii. Sasa narekodi sauti kando, bisibisi ndefu ikiwa imegusa nyumba ya beringi na simu kwenye mpini, namtumia faili WhatsApp pamoja na picha ya spektra.

"Shikamoo Mkuu."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikiliza mara tatu. Hiyo beringi inaimba, hailii."

"Lakini picha, Mkuu. Tazama 86 na nusu, na wenzake pembeni."

"Nimetazama. Mia iko wapi?"

"Mia gani?"

"Mia ya umeme. Mota yoyote ina mia. Hapa naona mia na mbili na nusu. Mko kwenye jenereta?"

Hatukuwa kwenye jenereta.

Nilikata simu bila kuaga vizuri, nikampigia tena baadaye kuomba radhi. Maana ndiyo hiyo. Sumaku ya mota inavuta mara mbili kwa kila mzunguko wa umeme, 50 Hz inakupa 100 kwenye chuma, siku zote. Mimi nilikuwa nimeichukua 102.5 nikaipa kazi ya kuwa mnara wa pembeni wa 86.5, na sikujiuliza mia yenyewe imekwenda wapi. Nikachukua mita, nikaweka kwenye Hz: 50.0. Gridi imetulia. Kwa hiyo si umeme uliohama, ni saa yangu.

Kama saa yangu inakosea, basi sampuli, yaani vipimo vya sensa kimoja kimoja, zinapotea njiani. ADXL345 nimeiweka sampuli 3,200 kwa sekunde, dakika moja ni 192,000. Nikaweka kihesabu upande wa Pi. Mchana: 192,000, pungufu au zidio chache. Saa tisa usiku: 187,200. Zimepotea 4,800, asilimia mbili na nusu. Ukigawa 100 kwa 0.975, yaani sehemu ya sampuli zilizobaki, inapanda hadi karibu 102.5. Nikasoma rejista ya 0x30 kwenye sensa, biti ya mwisho, ile inayosema bafa (ghala la muda la sampuli) imefurika: ilikuwa inawaka muda wote. Bafa ya ndani ya sensa hii ina nafasi 32 tu, na kwa kasi ya 3,200 inajaa kwa milisekunde 10. ESP32 ikichelewa kuja kuchukua, sampuli za zamani zinatupwa kimyakimya.

Na ESP32 ilikuwa inachelewa wapi? Kwenye kutuma. Nilikuwa natuma vifurushi vya sampuli 200, kwa sababu 200 mara baiti 2 mara mihimili 3 (x, y na z) ni baiti 1,200, inaingia kwenye kifurushi kimoja cha mtandao bila kukatwa. Nilijiona mjanja sana siku ile. Sasa gawa 3,200 kwa 200.

16.

Kila baada ya sampuli 200 kulikuwa na pengo, mara 16 kwa kila sampuli 3,200, na pengo hilo liliupasua mstari wa mia na kuutupia watoto pembeni kwa nafasi ya 16, sawasawa na kasi ya shafti. 102.5 ukitoa 16 ni 86.5. Ningechagua vifurushi vya 150 nisingekata beringi nzima kwa grainda.

Limebaki swali moja: kwa nini usiku, na kwa nini namba 4? Nilichora nguvu ya Wi-Fi. Mchana -67 dBm (kadiri namba inavyozidi kwenda chini ya sifuri, ndivyo mawimbi yanavyokuwa dhaifu). Saa mbili usiku -85. Maboksi mengine yote yako juu kwenye nguzo, ila nguzo ya namba 4 ina bomba la zimamoto, tukafunga boksi chini, usawa wa kiuno. Usawa wa majani. Kati yake na ruta ya karakana kuna vitanda vitatu, na jioni vikijazwa majani mabichi, ambayo zaidi ya robo tatu ya uzito wake ni maji, unakuwa umejenga ukuta wa maji mbele ya 2.4 GHz, mawimbi ya Wi-Fi yetu. Wi-Fi inarudia kutuma, inarudia tena, sensa inafurika. Hadi alfajiri majani yamenyauka, maji yamepungua, kitanda kimeshuka, mawimbi yanapita, feni "inapona".

Marekebisho ni aibu kwa urahisi wake. Pima kwanza, tuma baadaye. Sampuli 4,096 kwa mihimili mitatu ni kilobaiti 24, ESP32 inazimeza bila kuhisi, inachukua sekunde 1.28, ndipo inawasha redio na kutuma hata kwa dakika nzima ikitaka. Mara moja kila dakika kumi. Sijui nani alinituma kumwaga data mfululizo kana kwamba beringi hufa kwa sekunde. Na kifurushi chochote chenye biti ya kufurika sasa kinatupwa kabla hakijafika kwenye FFT.

Wanaotumia sensa ya MPU6050 kwa kazi hii: kipima mtetemo chake kinaishia sampuli 1,000 kwa sekunde, waachieni wanaorusha droni. Na ADXL345 yenyewe msiipambe sana. Inaona hadi 1,600 Hz tu, mchubuko mchanga wa beringi unalia juu zaidi ya hapo, kwa hiyo tutaukuta ukiwa umeshakomaa. Kwa bei yake naikubali. Sensa za joto za DS18B20 nazo zikiwasomea nyuzi 85 kamili, msikimbilie kumwagia mota maji, hiyo ndiyo namba inayotoa ikiwa haijapima bado.

Mpango wa wiki hii ulikuwa kuweka sensa kwenye giaboksi za mashine za kukatia majani. Umeahirishwa. Kuna kitu kwenye ule mchoro wa Wi-Fi hakitoki kichwani. -85 saa mbili usiku, -80 saa sita, -73 saa kumi, unapanda polepole majani yanavyopoteza maji. Msimamizi wa zamu anajua majani yamenyauka kwa kuyafinya kiganjani na kuyanusa, na vijana wa maabara wanakausha sampuli na kupima uzito. Mimi nina redio inayopita katikati ya kitanda kizima usiku kucha bure.

Nimefunga ESP32 mbili, moja kila upande wa kitanda namba 4, zinasalimiana kila sekunde tano. Majani ya leo yanaingia saa kumi na moja jioni. Nimeshamwomba kijana wa maabara anipe namba zake za unyevu kila baada ya saa mbili. Anataka soda mbili.